Waliokufa ni 41, daftarini wapo 25

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 31, dalali wa ng'ombe mnadani Pugu, naishi Gongo la Mboto na mke na watoto wawili. Kwetu ni Simanjiro. Baba bado yuko kule na boma lake, wake zake wawili, na wadogo zangu wanaochunga.

Vuli iliyopita ilitukataa. Wingu linakuja, tunalitazama, linapita. Kufikia mwezi wa kwanza ng'ombe walikuwa wananyanyuliwa kwa mikono: watu wanne, mmoja ameshika mkia, na akishasimama mnamwegemeza kwa mwenzake ili asianguke tena. Baba alikuwa na ng'ombe 60. Wamebaki 19. Nakutajia namba hizi kwa kuwa hunijui. Yeye mwenyewe hawezi kuzitamka, kwetu ng'ombe hawahesabiwi mbele ya watu.

Nilimwambia mapema. Mwezi wa kumi nilimpigia: baba, nishushie hata kumi, bei bado ipo. Akanijibu kwamba nimeshakuwa mtu wa Dar, nikiona ng'ombe naona nyama. Mwezi wa kwanza akapiga mwenyewe: njoo uchukue. Nikaenda na lori. Dereva aliwatazama, akakataa kupakia. Alisema hawa hawafiki Chalinze. Nikarudi na lori tupu na deni la mafuta.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mwezi wa pili shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliniunga kwenye kundi la WhatsApp la "fidia ya dharura kwa wafugaji". Kulikuwa na video ya mzungu mwenye kofia pana amesimama kwenye uwanda mkavu, anaeleza serikali ya Marekani ilivyomlipa baada ya ukame. Chini yake wameandika kwa Kiswahili kwamba na sisi tumefikiwa, kila ng'ombe aliyekufa Sh 900,000. Kujiandikisha ni Sh 35,000 kwa kaya, pamoja na picha ya kitambulisho cha NIDA, namba ya simu na idadi ya waliokufa. Mratibu wa kundi anaongea vizuri, anakuita "ndugu mfugaji", mpaka salamu za Kimasai anazijua.

Nikapiga simu nyumbani. Majirani wakasikia. Kaya 14 zilinitumia pesa mimi, kwa sababu walisema mimi niko huku karibu na serikali. Sh 490,000, nikazituma zote kwa mratibu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. Niliona, nikatuma hivyohivyo.

Kisha nikamweleza mratibu tatizo letu. Baba alipoandikwa kwenye daftari la mifugo kijijini alisema ana ng'ombe 25. Kila mtu kule anapunguza. Ukisema wote utaambiwa una mifugo mingi kuliko eneo, au itakuja kodi. Kwa hiyo daftarini wapo 25 na waliokufa ni 41. Mratibu alicheka. Akasema hilo dogo, nitume Sh 120,000 warekebishe kwenye mfumo, tena akanishauri niandike waliokufa ni 70. Malipo yangetoka Ijumaa. Ijumaa tatu zimepita. Hizo 120,000 sijatuma, na anaendelea kunikumbusha.

Mke wangu anasema ni utapeli, ila anasema kwa sauti ndogo kwa kuwa ni kaka yake. Shemeji anasema tuvumilie. Baba anapiga kila jioni. Haulizi pesa. Anauliza, "Huko kuna habari gani?" nami nasema kuna joto.

Shangazi, pesa hizi zipo au hazipo? Hili la 25 na 41 nalifanyaje? Na hao wazee 14 nawatazamaje usoni?

Dalali, Gongo la Mboto

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Ng'ombe 41 si hasara ya kusomwa kwenye barua na kupita. Pole umfikishie na baba.

Nianze na lililo rahisi. Hizo pesa hazipo. Unafanya kazi Pugu, pale ambapo mtu akikuambia "nipe nauli kwanza ndipo nikuletee mnunuzi" unamfukuza. Huyu amekufanyia hivyohivyo na hukumfukuza, kwa sababu alikuja na kofia ya mzungu na akaletwa na shemeji. Ni ileile "ile pesa tuma kwenye namba hii", imevalishwa shuka jekundu. Na jina la mwanamke uliliona. Sikusimangi, nataka ukumbuke kwamba macho yako yalifanya kazi, mkono ndio ulikuwa na haraka.

Kwa hiyo 120,000 usitume, wala usimjibu, wala usimtukane. Hifadhi mazungumzo yote, sauti zake, namba, na ujumbe wa muamala. Ujumbe wa kitapeli unaotoka kwenye namba ya simu utume kwenda 15040. Mpigie mtoa huduma wa laini yako umpe kumbukumbu ya muamala. Kwa wiki tatu huenda pesa zimeshatolewa, lakini namba inaweza kufungwa asimpate mwingine. Halafu nenda polisi uchukue RB. Nakuomba usiliruke hili hata kama huna tumaini la kurudishiwa kitu, kwa sababu utaihitaji ile karatasi ukiwa mbele ya wazee 14.

Kuna ambalo hukuliuliza na mimi linaninyima usingizi kuliko hizo 490,000: picha za vitambulisho. Umempa mtu usiyemjua namba za NIDA za kaya 14. Kila mmoja wao apige *106# aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake. Akikuta asiyoijua, aende kwa mtoa huduma aikatae. Wazee wengine hawataweza peke yao. Hiyo ni kazi yako utakapofika, ukae chini ya mti na simu moja baada ya nyingine mpaka ziishe.

Sasa yule mzungu. Inawezekana kabisa video ni ya kweli. Tapeli mzuri hachongi uongo mzima, anaokota ukweli wa watu wengine na kuuhamishia kwako. Marekani wana mpango wa kudumu unaofidia vifo vya mifugo vilivyosababishwa na hali mbaya ya hewa, ingawa ukame wenyewe kwa kawaida hauhesabiwi humo. Wanauita LIP. Lakini hebu sikiliza unavyolipa. Hulipwi bei ya ng'ombe mzima, ni asilimia 75 ya bei ya soko iliyopangwa na wizara yao ya kilimo. Wala hulipwi kila aliyekufa: wanaondoa kwanza idadi ambayo ingekufa hata mwaka wa kawaida, wanalipa kilichozidi hapo. Na mfugaji anapeleka taarifa ya hasara katika ofisi ya eneo lake, pamoja na ushahidi wa idadi aliyokuwa nayo kabla, picha, karatasi za daktari wa mifugo, stakabadhi za mauzo. Huyo mwenye kofia, kama alilipwa, alilipwa kwa karatasi alizoziandika kabla hajajua kama atalipwa.

Kwa ukame wana mpango mwingine, LFP, ambao hauangalii ng'ombe aliyekufa, unaangalia nyasi. Kila Alhamisi inatoka ramani ya ukame ya nchi nzima, wilaya kwa wilaya, yenye ngazi za ukali. Wilaya ikikaa kwenye ukame mkali kwa wiki zilizowekwa na sheria, mwenye malisho pale anapata haki ya kuomba.

Halafu tazama na mwendo wake. Kwa ukame na moto wa nyika wa mwaka 2023 na 2024, sheria ya kutenga fedha za nyongeza ilisainiwa Desemba 2024, na wizara ikatangaza malipo ya takriban dola bilioni 1 mwishoni mwa Mei 2025. Mtu aliyekuwa na ombi lake la LFP la miaka ile kwenye faili hakutakiwa kuomba upya, walifungua faili na kukokotoa. Ambaye hakuwa na faili alibaki anatazama. Nchi yenye fedha zile na kompyuta zile, nyongeza ya ukame wa 2023 ililipwa 2025. Wewe ukaahidiwa Ijumaa.

Hata hapa jirani, Kenya, mwaka 2015 serikali ilianza kuwalipia wafugaji wa Turkana na Wajir bima inayotazama ukijani wa malisho kwa setilaiti. Nyasi zikikauka kupita kiwango, pesa zinatoka, hata kama ng'ombe bado wamesimama, ili mtu anunue majani na maji. Nasikia wengi wenu mna ndugu ng'ambo ya Namanga. Mkiambiwa fulani alipata, ulizeni kwanza alikuwa ameandikwa wapi na lini.

Na kwetu? Nisikudanganye. Kwa kawaida serikali yetu ikitokea maafa inatoa msaada, haitoi fidia. Hayo ni maneno mawili na tofauti yake ni kubwa. Fidia ni bei ya kilichopotea. Msaada ni chakula, dawa, magodoro, wakati mwingine mifugo ya kuanzia, kadiri ilivyopatikana. Baada ya ukame mkubwa wa 2009, kaya za Longido, Monduli na Ngorongoro zilizobaki bila kitu ziligawiwa mifugo, lakini baada ya kungoja miaka. Baba yako mwenye 19 asingekuwa mbele kwenye foleni ile, na sidhani kama yeye mwenyewe angetaka kumpita jirani aliyebaki na fimbo tu.

Kuna na kile cha wanyamapori. Ninyi wa Simanjiro mko jirani na Tarangire, kwa hiyo kama kati ya hao 41 wapo waliochukuliwa na simba wakiwa dhaifu, hilo lina utaratibu wake wa kifuta jasho, unaanzia kijijini na kwa maofisa wa wanyamapori. Jina lenyewe linakuambia: linafuta jasho, halirudishi ng'ombe.

Njia ya msaada wa maafa ipo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Kuna kamati za maafa kuanzia kijijini, kata, wilaya, mkoa mpaka taifa, na juu kabisa suala liko Ofisi ya Waziri Mkuu. Taarifa inapanda kutoka chini: mtendaji wa kijiji na afisa mifugo wanafanya tathmini, inakwenda kata, inakwenda wilayani Orkesumet. Hakuna hatua hata moja inayopitia kwenye kundi la WhatsApp la mtu aliyeko pasipojulikana, na hakuna hatua inayoanza kwa mwathirika kulipia ada. Ukitaka kupima jambo lolote la namna hii siku nyingine, muulize mtendaji wa kijiji chenu kama amepata barua. Hana barua, hamna kitu.

Haya, tuje kwenye lile lililonifanya niichague barua yako kati ya nyingine zote.

Ulisema daftarini ni 25, waliokufa ni 41, ukaona tatizo ni kwamba waliokufa wanazidi walioandikwa. Chukua karatasi ufanye hesabu kama afisa atakavyoifanya. Yeye hatahesabu mizoga, fisi wameshamaliza. Ataingia bomani ahesabu walio hai: 19. Atafungua daftari: 25. Atatoa. Ataandika kwamba mzee huyu amepoteza ng'ombe sita.

Sita, mwanangu. Ng'ombe 35 wa baba yako hawakufa kwa sababu kwenye karatasi hawakuwahi kuzaliwa.

Simlaumu mzee. Najua kwa nini watu wanapunguza. Waliolipishwa kodi ya kichwa enzi zile bado wapo hai na wanakumbuka. Walioambiwa "punguzeni mifugo" na baadaye wakaambiwa "hameni" wapo. Hereni za kutambulisha ng'ombe zilipokuja mara ya kwanza zikiwa za kulipia, mwenye 60 alipiga hesabu akaona bora awe na 25. Na kuna hilo la miiko, ambalo mimi mtu wa Pwani sitalicheka, maana na sisi tuna idadi zetu ambazo hazitamkwi. Mama yangu hakuwahi kusema ana watoto wangapi, alikuwa anasema "hawa mnaowaona". Lakini namba iliyopunguzwa kwa ajili ya kodi ndiyo hiyohiyo inayosomwa siku ya msaada. Afisa hana daftari la pili.

Na mimi nilishaponzwa na jambo la jinsi hii, kwa hiyo usidhani naongea nikiwa juu ya kiti. Nilikuwa na ng'ombe wa maziwa wawili Kitunda. Mmoja nilimkatia bima. Akaugua ndigana, akafa usiku, na asubuhi mimi nikaona kinyaa cha kukaa na mzoga, nikawaita vijana wakamchuna na kumfukia, ngozi ikauzwa. Saa nne ndipo nikawapigia watu wa bima. Swali lao la kwanza: hereni iko wapi? Ilikuwa imekwenda na ngozi. La pili: daktari gani alimpasua? Hakuna. Nililia, nikamlaumu kila mtu, lakini masharti yalikuwa kwenye droo yangu tangu siku ya kwanza na nilikuwa nimeyafunikia leso.

Basi fanya hivi. Ukifika kijijini, kabla ya mkutano wowote, nenda na baba, au kama hataki kwenda basi akuruhusu wewe na mdogo wako anayechunga, kwa mtendaji na afisa mifugo. Semeni ukweli wote: daftari liliandikwa pungufu, sisi ndio tuliopunguza. Pelekeni chochote kinachoonyesha wale wengine walikuwepo. Kumbukumbu za josho. Stakabadhi za chanjo na dawa. Vibali vya kusafirisha mifugo vya miaka ya nyuma, na wewe dalali unavyo, usiniambie huna. Ngozi mlizouza. Picha kwenye simu za vijana: vijana wa siku hizi hawachungi bila kupiga picha, na picha ya simu inabaki na tarehe yake ndani. Majirani wawili watatu wa kushuhudia. Yule dereva wa lori aliyekataa kupakia naye ni shahidi, mwambie akuandikie mistari miwili aliona nini na siku gani.

Inawezekana afisa akakubali. Inawezekana akasema mimi nasoma daftari, nitaandika sita. Akisema hivyo msigombane naye, ombeni tu maelezo yenu yawekwe kwenye faili na mpewe nakala yenye muhuri.

Ile 70 isahau. Unajua boma lilivyo kuliko mimi: hakuna mtu anayehesabu ng'ombe wa jirani kwa sauti, na hakuna mtu asiyewajua mmoja mmoja kwa rangi na pembe. Siku orodha ya tathmini inasomwa mkutanoni, baba yako atasimama mbele ya wenzake akiwa na ng'ombe 70 waliokufa ambao hakuna aliyewahi kuwaona kisimani. Wewe utakuwa umeshapanda basi. Yeye atabaki anaishi nao.

Hao 19 waliobaki waandikwe 19. Mwaka 2025 ilizinduliwa Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, chanjo kwa bei ya ruzuku na hereni bila malipo. Kile kisingizio cha gharama kimepungua sana. Ulizeni ratiba kwa afisa mifugo hukohuko siku hiyohiyo. Ng'ombe mwenye hereni ana uthibitisho kwamba alikuwepo, na hata bima ya mifugo, mkija kufika huko, haitazungumza nanyi bila kitu kama hicho.

Na msiache kuwaangalia hao 19 eti kwa kuwa mvua imeanza. Unajua, lakini wakumbushe wadogo zako: ng'ombe aliyekonda anavumilia ukame miezi, halafu anakufa usiku mmoja wa mvua baridi. Wale dhaifu kabisa wapate kinga ya upepo na majani makavu kidogo kabla ya kuachiwa kwenye majani mabichi.

Baba na wazee. Hapa sina ujanja wa kukupa. Nenda mwenyewe. Usilisemee kwenye simu, na usimtume mke wala shemeji. Panda basi Mbezi, uchukue sukari na majani ya chai kama kawaida, ufike, ulale, na asubuhi umwambie baba kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote. Mwambie kwa mpangilio uleule ulioniandikia mimi, pamoja na jina la mwanamke uliloliona. Yeye alikataa kuuza mwezi wa kumi, wewe ukatuma pesa mwezi wa pili. Wote wawili mna jambo moja moja. Usilitaje lake. Atalitaja mwenyewe akitaka, na kama ninavyowajua wazee, atalitaja.

Kisha umuombe yeye awaite hao 14. Mbele yao weka vitu viwili: RB na pesa. Sijui una kiasi gani, lakini usiende mikono mitupu. Kila kaya ilitoa 35,000. Ukiwa na 10,000 kwa kila mmoja ni 140,000 kwa kuanzia, na baki la 350,000 uwape tarehe. Dalali anaishi kwa kuaminiwa, na hawa ndio watu ambao kesho watakuletea ng'ombe Pugu. Wakikusamehe deni, shukuru, na bado ulipe. Walikutumia pesa ya mwisho mwaka ambao hawakuwa na cha kuuza.

Na kwenu mna ewoloto, nadhani nimelitaja sawasawa, ule utaratibu wa ukoo kumchangia ndugu aliyeishiwa mifugo, huyu ndama, yule mtamba, mpaka awe na pa kuanzia. Kati ya hao 14 lazima wapo ambao hawakubakiwa hata na 19. Baba akiwa na nguvu hiyo, atoe hata mmoja kwa mmoja wao. Simwamrishi mzee wa watu nikiwa hapa Dar es Salaam na feni inanipulizia, namuomba tu.

Shemeji. Usimkamate shati kabla hujajua. Mwambie akuonyeshe simu yake: yeye aliingizwa kundini na nani, alituma kiasi gani, lini. Kama alituma pesa kama wewe, ni mwathirika mwenzako, nendeni polisi pamoja. Kama hana muamala hata mmoja na bado anasema mvumilie, hapo mke wako apewe nafasi aseme kwa sauti yake ya kawaida. Ameisubiri wiki tatu.

Ukirudi niandikie. Nataka kujua jambo moja tu: kwenye daftari la kijiji, leo, baba ana ng'ombe wangapi.

Shangazi